Kongamano la walimu tarajali wa muziki: mwongozo kwa wanafunzi wanaotaka kuliandaa wenyewe

Anayesomea ualimu wa muziki Tanzania huwa na wenzake wachache chuoni, kisha hupangiwa shule ambayo pengine hajawahi kuwapo mwalimu wa somo hilo. Katika ofisi ya walimu hakuna wa kumuuliza jinsi ya kufundisha sauti nne kwa watoto 90, kinanda hakuna, na ng'ambo ya ukuta hisabati inaendelea. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 una somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi, kwa hiyo maswali ya namna hii hayamhusu tena yule mmoja aliyejitolea kusimamia kwaya ya shule.

Kongamano la wanafunzi ni njia nafuu ya kuyajibu mkiwa pamoja: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Tumaini Makumira kule Usa River, Chuo cha Ualimu Butimba, na ndugu zetu wa TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo) na wa Dhow Countries Music Academy Zanzibar, ambao wengi wao wanajua vyombo kuliko sisi. Mwongozo huu ni wa kongamano la siku moja na nusu kwa watu wapatao 120. Mkiwa 40, punguzeni vyumba, hatua ni zilezile.

Amueni kwanza mshiriki ataondoka na nini

Kamati nyingi huanza na mgeni rasmi, kisha fulana, kisha bango. Anzeni na darasa. Kila kipindi kinachopendekezwa kipimwe kwa swali moja: mshiriki anaweza kwenda kukifundisha Jumatatu, kwa vifaa vya shule ya kawaida ya serikali? Kama hawezi, kisiingie kwenye ratiba, hata kama mtoa mada ana shahada tatu. Mada kama "umuhimu wa muziki katika jamii" hukataliwa hapo hapo. Wote waliokuja wanaujua umuhimu huo, ndiyo maana wamekuja.

Liandikeni swali hilo juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari la kamati. Litawasaidia baadaye mtakapobanwa na maombi ya watu wazito wanaotaka dakika 20 za kuzungumza.

Kamati

Shahada ya ualimu ni miaka mitatu, na wa mwaka wa tatu wakimaliza Julai wanaondoka na kila wanachokijua. Kwa hiyo kamati iongozwe na wa mwaka wa pili, na kila mmoja awe na msaidizi wa mwaka wa kwanza atakayeshika nafasi hiyo mwakani. Watu saba wanatosha: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, msimamizi wa vipindi, msimamizi wa vyombo na vyumba, msimamizi wa wageni na malazi, na wa chakula. Wa mwaka wa tatu wabaki washauri, na wachukuliwe kama watoa vipindi, maana wamerudi mazoezi ya kufundisha wakiwa na mambo ya kusema.

Msimamizi wa vipindi ndiye mtu muhimu kuliko mwenyekiti. Mchague anayejua kusema hapana kwa adabu.

Tarehe

Hapa ndipo wanamuziki hutofautiana na wanafunzi wengine. Karibu kila mmoja wenu ana kwaya anayoifundisha, au bendi, au kikundi cha kaswida. Desemba ni ya Krismasi. Kwaresima yote ni mazoezi ya Pasaka. Ramadhani nayo ina ratiba yake. Mwaka 2027 Ramadhani inatarajiwa kuchukua Februari na siku za mwanzo za Machi, na Pasaka ni tarehe 28 Machi, kisha masika yanashika sehemu nyingi za nchi. Ngozi ya ngoma hulegea kwa unyevu, na kipindi cha nje kikinyeshewa hakina pa kwenda. Kwa kalenda hiyo ningetazama katikati ya Januari, au mwishoni mwa Mei kabla ya mitihani. Kuanzia Julai sahauni, watu wako kwenye mazoezi ya kufundisha.

Siku za wiki nazo hazikosi mtego. Ijumaa mchana ni swala. Jumamosi ni Sabato kwa Waadventista, na kuwaacha Waadventista nje ya kongamano la muziki ni hasara yenu. Jumamosi jioni nusu ya washiriki watakimbilia mazoezi ya kwaya za Jumapili. Mpango unaobeba wengi ni huu: Ijumaa kuanzia saa 9 alasiri hadi saa 12 kamili, kisha Jumamosi kuanzia saa 2:30 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Vipindi viwili vilivyo bora kabisa viwekwe Ijumaa, ili anayeshika Sabato aondoke kabla ya jua kuzama akiwa ameshapata kilichomleta.

Vibali

Barua ya kwanza iende kwa mkuu wa idara, nakala kwa mshauri wa wanafunzi na kwa serikali ya wanafunzi. Ipelekeni miezi minne kabla. Itaje tarehe, idadi ya watu, vyumba mnavyoomba, kwamba kutakuwa na wageni kutoka vyuo vingine, na kwamba kutakuwa na ngoma. Hilo la mwisho lisemwe wazi pamoja na saa zake. Msikilizaji wa mhadhara wa sheria katika jengo la jirani hakujiandaa kwa ngoma tano saa 4 asubuhi, na malalamiko yake yatafika kwa mkuu wa chuo kabla kipindi chenu hakijaisha.

Ombeni idara iwape mlezi mmoja miongoni mwa wahadhiri. Kazi yake ni kusaini na kuwafungulia milango. Kuchagua vipindi ni kazi yenu.

Fedha

Pigeni hesabu ya chakula kabla ya kitu kingine. Tuseme chakula cha mchana kimoja ni shilingi 5,000 na chai na kitafunwa ni 2,500. Kwa watu 120 hiyo ni 900,000. Mkiwaleta watoto 40 wa shule kwa somo la mfano, nao wale hivyo hivyo, ni 300,000 nyingine. Kiingilio cha 10,000 kwa kila mshiriki kinaleta 1,200,000, na zote zimekwishaliwa kabla hamjamlipa hata nauli mzee wa ngoma. Ndiyo maana fulana ziwe za kuagizwa na anayetaka, kwa pesa yake.

Pengo hilo huzibwa kwa vitu zaidi ya fedha taslimu. Parokia au usharika wenye kwaya kubwa unaweza kuazima kinanda na spika. Duka la vyombo vya muziki linaweza kutoa vitu vichache ili liruhusiwe kuweka meza ya kuuzia. Waliomaliza miaka iliyopita, ambao sasa wana mshahara, waombwe kumlipia mshiriki mmoja mmoja. Ombi dogo lenye jina la mtu anayesaidiwa hujibiwa haraka kuliko barua ya ufadhili.

Michango isiingie kwenye simu binafsi ya mweka hazina, hata kama ni mwaminifu kama mtume. Tumieni akaunti ya kikundi au Lipa Namba, watu wawili waone miamala, na mapato na matumizi yabandikwe kila wiki kwenye kundi la WhatsApp la kamati.

Mwaliko wa vipindi

Tumeni fomu ya mtandaoni wiki kumi kabla, muifunge baada ya wiki tatu. Msiulize "mada yako ni nini". Ulizeni haya:

- Unalenga darasa la ngapi, na lenye watoto wangapi?
- Washiriki watafanya nini, dakika kwa dakika?
- Ni dakika ya ngapi watatoa sauti ya kwanza?
- Unahitaji vifaa gani, na shule isiyo navyo itafanyaje?
- Wimbo au ngoma unayotumia umeipata kwa nani?

Swali la tatu ndilo chujio. Anayejibu "dakika ya 25, baada ya utangulizi" arudishiwe fomu yake na ushauri. Kanuni ninayoipendekeza: dakika tano za maneno, basi, kisha watu waimbe, wapige au wacheze. Nadharia ije ikifuata walichokifanya.

Vipindi vinane vyema vinatosha. Wiki moja kabla, kila mtoa kipindi afundishe dakika kumi za kwanza mbele ya watu wawili wa kamati. Hata mhadhiri akitoa kipindi, apite hapo. Wengi watakubali mkiwaambia kwamba ni kwa ajili ya kupanga vyombo.

Kipindi kizuri kinafananaje

Nieleze kimoja kwa kirefu, kwa sababu kamati zikipata picha ya kimoja huweza kuwasaidia watoa vipindi wengine. Kiite "Kutoka kiitikio hadi solfa" (solfa ni kuimba noti kwa majina yake, do, re, mi), dakika 50, kwa darasa la nne.

Mtoa kipindi anaingia akiimba. Hasalimii, haoneshi picha ukutani. Ni wimbo wa kazi wenye kiitikio kifupi cha noti tatu, mi, re, do, na chumba kinaitikia kabla hakijajua kinaitikia nini. Akirudia mara ya nne, anaanza kutembeza miguu na wote wanafuata. Upande wa kushoto anaupa makofi mawili, wa kulia matatu, ndani ya muda uleule. Mbili kwa tatu. Waliokulia kwenye ngoma hawashangai, waliolelewa kwenye vitabu vya tenzi huanza kutazamana. Anaiacha hali hiyo iende kwa dakika tano nzima, maana mwili ukishaukubali mpigo, maelezo yanakuwa mafupi.

Kufika dakika ya 15 anainua mkono na kuonesha ishara za sauti, zile alizozieneza John Curwen Uingereza karne ya 19 na ambazo walimu wanaofuata njia ya Zoltán Kodály wa Hungaria wanazitumia hadi leo. Kiitikio kilekile kinaimbwa tena kwa ishara, mi, re, do. Maneno yanaondolewa. Kisha sauti nazo zinaondolewa, mkono unabaki, na chumba kinaimba moyoni hadi mkono ufike do, wote watoe sauti pamoja. Wakikutana kwenye noti moja, wamejifunza kusikiliza kwa ndani, na hakuna aliyeandika kitu.

Dakika ya 30, mshiriki mmoja anaitwa mbele kushika nafasi ya kiongozi, kisha mwingine. Hapa ndipo mafunzo yalipo. Mtoa kipindi asahihishe mambo mawili tu kwa kila mmoja: sauti ya kuanzia ilikuwa juu mno kwa watoto, au ishara ilichelewa nyuma ya mpigo.

Dakika kumi za mwisho watu wanakaa watano watano na kuandika maandalio ya somo: umahiri unaolengwa, hatua, upimaji. Swali la kujadili ni moja: watoto ni 90 na dirisha halina kioo, mtapimaje kila mtoto? Makundi yatakuja na majibu tofauti, mengine mazuri kuliko ya mtoa kipindi.

Kuna ubishi wa kale utakaozuka, solfa au nota za mistari. Mimi naanza na solfa shuleni, kwa kuwa kwaya za makanisa zimeieneza hadi vijijini na mtoto atapata wa kumsaidia nyumbani. Lakini mtoto wa madrasa hakukua nayo. Ana kaswida na dufu, na sikio lake huwa kali, kwa hiyo mtoa kipindi aweke njia ya kuanzia huko pia. Wenye hamu ya kubishana zaidi wapewe muda wa chai.

Mafundi wa ngoma

Alikeni angalau mmoja, na wa eneo mlilopo: mkiwa Mwanza, manju (kiongozi wa ngoma) wa bugobogobo ya Wasukuma, mkiwa Dodoma, akina mama wapigao muheme, ngoma ya Wagogo. Aje kama mwalimu. Mtindo wa kumleta mzee apige wakati watu wanakula, kisha apewe soda, uachwe. Apewe kipindi kamili, mwanafunzi mmoja wa kumsaidia kugawa hatua, na malipo yaliyokubaliwa kabla, akabidhiwe siku hiyohiyo mkononi. Nauli ni kitu kingine, isihesabiwe kama malipo.

Mtembeleeni kwake wiki mbili kabla na muulize mambo matatu. Ngoma zinapashwa moto wapi? Nyingi za ngozi huhitaji moto wa majani makavu kabla ya kupigwa, na walinzi wa chuo wakiona moshi bila taarifa watauzima. Kuna nyimbo zisizofaa kufundishwa hadharani? Nyimbo za unyago na za jando zina wenyewe, na baadhi haziruhusiwi kusikiwa na kila mtu. Na tatu, anakubali kurekodiwa, na rekodi itumike wapi? Jibu liandikwe. Akisema hapana, simu zote zikae mfukoni, na mshereheshaji alitangaze hilo kabla mzee hajaingia.

Jambo la kiufundi: msipange kinanda na ilimba ya Wagogo, chombo cha vijiti vya chuma kinachopigwa kwa vidole gumba, chumba kimoja mkitarajia zitapatana. Chombo hicho, ambacho Hukwe Zawose aliyeishi na kufanya kazi Bagamoyo alikipeleka kwenye majukwaa ya dunia, kina mpangilio wa sauti unaofuata njia yake, na mpiga kinanda atakayejaribu "kukirekebisha" ataharibu kipindi. Tofauti hiyo yenyewe ni somo zuri, lakini lipewe mtu anayelijua.

Somo la mfano na watoto halisi

Kufundisha wenzako wanaojifanya watoto kuna faida, ila wenzako huimba sauti sahihi. Waleteni watoto 40 wa shule ya msingi ya jirani kwa dakika 40. Anayefundisha awe mwalimu wa kazini, ikiwezekana yule ambaye kwaya yake imewahi kufika mbali kwenye UMITASHUMTA, mashindano ya michezo na sanaa ya shule za msingi. Washiriki wakae pembeni kimya, kila mmoja na karatasi ya kuandika alichokiona mwalimu akifanya wimbo ulipoharibika. Watoto wakishaondoka, mwalimu aulizwe maswali kwa nusu saa.

Barua iende kwa mwalimu mkuu wiki sita kabla, na muulize kama kibali kinapaswa kupitia kwa afisa elimu kata. Wazazi wajulishwe kwa maandishi. Mwalimu wa shule hiyo aje nao na asiondoke. Picha za watoto zisipigwe bila ruhusa. Kabla ya kuimba wapewe uji na maandazi tu, kwani tumbo lililoshiba wali halivuti pumzi. Chakula chao kamili kije baada ya somo. Somo hili liwe Ijumaa saa 9 alasiri, shule ikiwa imewaruhusu mapema.

Vyumba, umeme, ratiba

Zungukeni vyumba mkiimba. Chumba cha sakafu ya saruji na dari ya juu kinafaa kwaya na kinaua maelezo. Ngoma ziwe nje, chini ya mti, mita nyingi kutoka chumba cha solfa. Vipindi vya wakati mmoja visizidi viwili, kwani vikiwa vitatu mtasikia vyote vitatu katika kila chumba. Kinanda kiwe na betri au kipindi chake kiwe na mpango wa pili usiohitaji umeme. Nunueni waya mrefu wa umeme wenu wenyewe, wa kuazima hupotea.

Jumamosi inaweza kwenda hivi:

- 2:30 usajili, chai, mtu mmoja akiongoza nyimbo langoni
- 3:00 vipindi viwili sambamba
- 4:00 ufunguzi na mgeni rasmi
- 4:30 fundi wa ngoma, wote pamoja
- 6:00 vipindi viwili sambamba
- 7:00 chakula
- 8:00 kila chuo kifundishe wimbo mmoja kwa dakika kumi
- 8:50 tathmini, kufunga

Mtaona mgeni rasmi amewekwa saa 4, baada ya kipindi cha kwanza. Hiyo ni makusudi. Akichelewa, hakuna kinachosimama. Akiwahi, anakuta watu wanaimba, na hotuba yake hubadilika. Katibu wake apewe maandishi: dakika kumi. Mshereheshaji aseme "itifaki imezingatiwa" na asianze kutaja majina ya meza kuu mmoja baada ya mwingine.

Siku yenyewe

Mtunza muda awe na kengele, na awe mtu asiyeogopa wahadhiri. Dakika tano kabla ya mwisho agonge mara moja, muda ukiisha agonge hadi chumba kinyamaze. Kila chumba kiwe na mwanakamati mmoja anayepokea karatasi ya kipindi kutoka kwa mtoa mada kabla hajaanza, kwa sababu akimaliza ataahidi kuituma na hutaiona. Karatasi hizo ni ukurasa mmoja mmoja: wimbo kwa solfa, hatua, chanzo cha wimbo. Kama wimbo una mtunzi anayejulikana, aandikwe, na nota zake zisitolewe nakala bila idhini. COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ndipo pa kuuliza mkiwa na shaka.

Tathmini iwe ya maswali mawili kwenye kipande cha karatasi: utafundisha kipindi gani kwanza, na ni kipi kilikupotezea muda?

Wiki na miezi inayofuata

Ndani ya siku saba, hesabu za fedha ziende kwa mlezi na zibandikwe kwenye kundi la washiriki. Karatasi zote za vipindi ziunganishwe faili moja dogo linaloweza kufunguka kwenye simu ya kawaida. Watoa vipindi, fundi wa ngoma na mwalimu mkuu wapigiwe simu ya shukrani. Ujumbe wa kunakili hautoshi kwa mtu aliyeacha shamba au darasa lake kuja kwenu.

Kipindi kilichofanya vizuri sana kinaweza kusafiri zaidi. ISME, jumuiya ya kimataifa ya elimu ya muziki iliyoanzishwa Brussels mwaka 1953, huitisha mkutano wa dunia kila baada ya miaka miwili, na somo lililojaribiwa kwa watoto 40 wa kwetu ni hoja yenye uzito huko.

Makabidhiano kwa wasaidizi wa mwaka wa kwanza yafanyike kabla ya mitihani: daftari la fedha, namba za mafundi, barua zote, orodha ya kayamba na vibao vilivyonunuliwa, na nani ana ufunguo wa stoo. Kisha mwezi Agosti, washiriki wakiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, katibu mpya awatumie wote swali moja: kati ya vipindi vile vinane, kipi umekifundisha na kilikwama wapi? Vilivyokwama mahali pamoja kwa watu wengi ndivyo vya kwanza kuingia kwenye mwaliko wa mwaka unaofuata.